Mifarishi ya ukutani ianzie kwenye mabati ya mtaani

Kwa Mhariri,

Washonaji wengi wanaojaribu mifarishi ya viraka ya kutundika ukutani huchukua ruwaza kwenye intaneti: nyota za Kimarekani, nyumba zilizofunikwa na theluji, majani ya miti isiyoota kwetu. Wengine hukimbilia twiga chini ya mgunga kwa kuwa mtalii atamnunua. Kazi hizo zaweza kushonwa kwa ustadi, ila jicho la mshonaji limekaa bure, na inasikitisha kwa sababu Nairobi imejaa ruwaza za kutosha.

Tazama mapaa ya mabati kutoka kwenye kivuko cha juu cha barabara au ghorofa ya nne. Kutu hupenda kuanzia kwenye matundu ya misumari na pale bati moja linapolalia jingine, kisha hufuata njia ya maji ya mvua. Ndiyo maana madoa yake ni marefu, yamejipanga safu na yanateremka upande mmoja. Ukiliona hilo, mpangilio wa mfarishi mzima unao: vipande virefu vya kijivu, kahawia na buluu iliyochujuka, na juu yake mishono sambamba iliyoachana sentimita moja, iwe mikunjo ya bati.

Piga picha saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni. Tuko karibu na ikweta; adhuhuri jua huwa utosini, vivuli vikajificha na picha ikawa bapa. Kisha igeuze kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nyekundu na kijani hugombana machoni, lakini zikiwa na mwanga sawa, mtu akisimama mita tatu huziona zimeungana na umbo limepotea. Picha iwe na sehemu nyeupe, za kijivu na za giza. Kimoja kikikosekana, tafuta picha nyingine. Chora maumbo makubwa matano hadi saba, si zaidi, kwenye karatasi ya sentimita 20 kwa 30 iliyogawanywa miraba ya sentimita 2. Ukikuza kila mraba ufike sentimita 8, utapata mfarishi wa sentimita 80 kwa 120. Nyaya za umeme na maandishi ya kuta yasubiri, yataingia mwishoni kwa uzi.

Vitambaa viko karibu. Mafundi wa sare za shule hubaki na vipande vya damu ya mzee, kijani na buluu iliyokolea. Gikomba, kwenye soko la mitumba, kuna mashati ya pamba. Ukishuku kitambaa, choma uzi mmoja: pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa tone gumu, na hiyo haivumilii pasi ya moto. Kitenge chenye maua makubwa kikikatwa vipande vya inchi mbili hubaki vurugu tupu. Kiache kipande kimoja kikubwa, ukizungushie vitambaa visivyo na maua. Fua vyote kabla ya kukata, maana pamba hunywea na nyekundu ya kanga hutoka. Lowesha kona, ilaze juu ya kitambaa cheupe, upige pasi. Cheupe kikipata doa, rudia kufua. Chumvi na siki zinazosifiwa sana hazishikilii rangi ambayo kiwanda hakikuishikisha.

Kutu yenyewe pia hutia rangi, nayo ni nzuri mno. Lowesha pamba nyeupe kwa siki na maji kiasi sawa, izungushie misumari iliyoota kutu, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiku mmoja. Vaa glavu. Ukishaitoa, suuza, kisha loweka kwenye maji yenye magadi kidogo ili ukali wa siki uishe, halafu ufue kwa sabuni. Usiiache siku nyingi ili ikolee: chuma hula nyuzi, na kitambaa huja kuchanika kwenye doa.

Katika kuunganisha, mshono uachiwe robo inchi na kila mmoja upigwe pasi kabla ya unaofuata. Kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbuka, kwa hiyo pasi ikandamizwe tu, isisukumwe. Mfarishi una tabaka tatu: uso wa viraka, pamba ya kati (blanketi jepesi la mtumba linafaa) na kitambaa cha mgongo. Hizo mbili za chini zizidi uso kwa sentimita 5 kila upande. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kila sentimita 10, kisha shona kuanzia katikati kuelekea kingoni. Ukianza kingoni, kitambaa kinachosukumwa na cherehani hukusanyika katikati, na mkunjo huo hautoki ila kwa kufumua.

Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 ikaonyeshwa katika jumba la sanaa la Whitney, New York. Wasidi wa Karnataka, India, ambao mababu zao walitoka Afrika, hutumia nguo kuukuu vivyo hivyo. Hawa kwao huanzia ukingoni wakaingia ndani, lakini kwa mkono, wakilaza kiraka na kukishona papo hapo.

Ombi langu ni kwa walimu wa sanaa. Kabla ya kumpa mwanafunzi ruwaza ya kunakili, mpeni kadibodi yenye tundu la sentimita 5 kwa 7. Achungulie masanduku ya bati yaliyopangwa Kamukunji, maua ya jakaranda juu ya lami mwezi Oktoba, kamba ya nguo kwenye roshani za Eastleigh. Achore kinachoingia ndani ya tundu, mchoro mmoja kwa siku, wiki nzima, ndipo achague mmoja wa kukata.

Mshonaji,
Nairobi