Barua kutoka Sydney: nimewapimia njia

Auburn, Sydney
Jumapili, baada ya Isha

Kwa Mama na Baba, Likoni,

Assalaam aleikum. Shikamooni. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, wasiwasi wangu ni juu yenu tu, hasa goti la Mama. Nyanya nibusieni mkono, na mwambieni picha alizoomba zimo kwenye simu ya Swaleh tangu Ijumaa, asikubali kuambiwa hazijafika.

Barua hii ndefu kwa sababu ina kazi. Mkija mwezi wa kumi, inshallah, mtakaa nami wiki tatu, na mimi kazini nimepewa likizo ya siku sita basi. Nyumba ya wazee haifungwi. Kwa hiyo nimeanza mapema kutafuta nini kitawafaa na nini ni kutupa pesa. Jumamosi nikajilipia ile safari wanayouziwa wageni: asubuhi unatembezwa mjini kwa basi dogo, mchana unapandishwa meli, unakula huku mnazungushwa bandarini. Miaka mitatu niko hapa sikuwahi kuifanya. Feri naipanda, lakini naipanda kama watu wa Likoni wanavyoipanda, macho kwenye saa.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Kwa wingi huo hakuna kupotezana wala kupiga foleni ya kushuka, na ukiuliza swali unajibiwa. Dereva ndiye mtembezaji huyo huyo, mzee mwenye sauti kama ya muadhini. Mama, kipandio cha basi kiko juu, nilikiangalia kwa ajili yako, lakini mzee ana kistuli anakitanguliza chini kila tukisimama. Bibi mmoja wa makamo yako alipanda na kushuka mara sita bila kushikwa mkono.

Tulianzia The Rocks, mtaa wa kwanza wa mji huu, pale merikebu 11 za Waingereza zilipotia nanga Januari 1788 zikiwa zimeleta wafungwa. Vichochoro vya mawe na ngazi zilizolika katikati, nikaukumbuka Mji wa Kale. Miaka ya sabini serikali ilitaka kubomoa sehemu kubwa ijenge maghorofa. Walioikataza ni chama cha wajenzi, kikiongozwa na mtu aitwaye Jack Mundey: watu waliokuwa walipwe kwa kubomoa wakasema hatubomoi. Nilitamani kumuuliza mzee kama wajenzi hao wanakodishwa. Tungewaleta Mombasa mwezi mmoja.

Baba, hii utaipenda. Miongoni mwa wafungwa waliofuata alikuwemo Francis Greenway, msanifu majengo aliyekamatwa Uingereza kwa kughushi hati. Huku wakamkuta ana maana, wakampa kazi ya kujenga. Mnara wa taa wa kwanza wa mlango wa bahari, wa mwaka 1818, ni wake. Uliopo sasa ni wa 1883, ulijengwa kwa kuufuatisha ule wake. Basi walipotoa pesa mpya mwaka 1966, noti ya dola kumi wakaitia sura ya nani? Ya mghushi! Basi zima lilicheka, na mzee akangoja tumalize kicheko kama mtu aliyeisema hadithi hiyo mara elfu na bado haijamchosha.

Bondi msijali. Ni ufuo. Mawimbi makubwa, na ukiogelea lazima ukae kati ya bendera mbili za rangi nyekundu na njano, la sivyo vijana wa uokoaji watakupigia filimbi. Mchanga mzuri, lakini sisi tuna Diani.

Palipo pazuri kweli ni Kiti cha Bi Macquarie. Ni mwamba uliochongwa na wafungwa mwaka 1810 ili mke wa gavana akae kutazama merikebu zikiingia. Mama, utakaa hapo. Goti litapumzika, na mbele yako utaona kwa pamoja daraja na ile nyumba ya muziki, Opera House, yenye mapaa kama matanga, ile iliyo kwenye kalenda ya Mjomba. Ukiisogelea, si nyeupe kama inavyoonekana. Imevishwa vigae zaidi ya milioni moja, vingine vyeupe vinavyong'aa, vingine rangi ya maziwa visivyong'aa, ndiyo maana jua likigeuka nayo inageuka.

Aliyeichora ni Jørn Utzon, Mdenmark, alishinda mashindano ya mwaka 1957. Walikisia itagharimu dola milioni 7. Ilipofunguliwa mwaka 1973 ilikuwa imekula milioni 102, na sehemu kubwa ya pesa hizo ilitoka kwenye bahati nasibu. Ndiyo, Baba, kamari. Usianze. Lakini lililonikaa moyoni ni kwamba Utzon aligombana na serikali, akajiuzulu mwaka 1966, akafunga virago na mkewe na watoto, hakurudi tena Australia. Alifariki mwaka 2008 bila kuiona kwa macho yake imekamilika. Nilikaa pale kwenye jiwe nikamfikiria Mjomba na ile nyumba yake ya Ukunda, anayoijenga kwa simu kutoka Maskati.

Mzee akatuambia pia kwamba wa kwanza kuimba pale si mwimbaji wa opera aliyevaa koti refu. Mwaka 1960, jengo likiwa bado vyuma na saruji, Paul Robeson, yule Mmarekani mweusi mwenye sauti nzito, alikwenda kuwaimbia wajenzi wakati wao wa chakula cha mchana, wengine wamekaa juu ya majukwaa ya kazi. Mimi nikaongeza kwa sauti, maana nilijua, kwamba mtu huyo alisoma Kiswahili London miaka ya thelathini. Watu wakageuka kunitazama. Mzee akasema hilo ataliongeza kwenye maelezo yake. Kwa hiyo Mama, mkija mkasikia, mjue limetoka kwa mwanao.

Saa saba kasoro tukakabidhiwa kwa watu wa meli pale Circular Quay, ambapo feri nyingi za mji huanzia. Sasa nasema na Baba.

Chombo cha ghorofa mbili, kipya, injini huisikii hata ukiweka sikio. Kamba zilitupwa na kijana mmoja tu, na alizikunja vizuri, nilimwangalia kwa jicho lako. Gati zenyewe zinaelea, zinapanda na kushuka na maji, kwa hiyo bamvua au maji mafu, ubao wa kupandia hauwi mlima. Nahodha alikuwa msichana. Ndiyo. Labda ananizidi miaka miwili. Nilikumbuka nilivyokuwa nakuletea chakula kazini kwenye feri pale Likoni nikiwa darasa la tano, nikaomba nipande juu nikaone usukani, ukaniambia huko si kwa watoto wa kike. Sikukasirika, nilikuwa mdogo. Jumamosi ndipo nilipokasirika kidogo, kisha ikapita.

Tukapita chini ya daraja. Utatamani kusimamisha chombo. Upinde mmoja wa chuma, mita 503 kutoka upande hadi upande, kileleni mita 134 juu ya maji. Walilianza kutoka kingo zote mbili, kila nusu imeshikwa kwa nyaya zilizozungushwa ndani ya mwamba, zikasogeleana hewani mpaka zikakutana Agosti 1930. Ribiti milioni sita hivi, zinapigwa moto kwa mikono. Wafanyakazi 16 walikufa. Kabla ya kulifungua walipanga juu yake vichwa vya treni vya moshi, vikafika 96, waone kama litainama. Likastahimili. Ile minara minne ya mawe ya pembeni haibebi kitu, ni pambo.

Siku ya ufunguzi, Machi 1932, waziri mkuu wa jimbo anajiandaa kukata utepe, akatokea mtu juu ya farasi, Francis de Groot, akaukata kwa upanga, kwa sababu za siasa zao. Akashushwa, akakamatwa, utepe ukafungwa upya ukakatwa mara ya pili. Faini, pauni tano. Daraja letu la Likoni tunasikia habari zake tangu sijaingia shule. Likija kujengwa, huyo mwenye farasi simwonei choyo, mradi kuwe na utepe.

Kuna kitu spika ya meli ilikisema kwa sentensi moja, ikapita. Novemba 1927, feri iitwayo Greycliffe ilikuwa inawapeleka watu Watsons Bay jioni, wakiwemo wanafunzi wanaorudi nyumbani, ikakatwa vipande viwili na meli kubwa iliyokuwa ikitoka bandarini. Walikufa 40. Tulikuwa tunapita hapo hapo, watu wanagonganisha bilauri. Mimi niliweka uma chini. Mwaka 1994 sikuwa nimezaliwa, lakini najua kila tarehe 29 Aprili husemi na mtu mpaka Magharibi, na najua hesabu ya waliokufa feri ya Mtongwe ilipozama ni 272. Sikuandika haya ili kukukumbusha. Nimeandika usije ukashtushwa na spika ukiwa umekaa na wageni.

Upande wa pili kuna bustani ya wanyama ya Taronga, juu ya kilima, na twiga wetu wanaangalia bandari kutoka mahali ambapo tajiri angelipa mamilioni. Walipohamishiwa huko mwaka 1916, wanyama walivushwa majini, hata tembo mmoja aliyeitwa Jessie. Umewahi kuvusha ng'ombe, malori ya nazi na bwana harusi aliyelewa. Tembo bado.

Chakula. Mama, jiandae. Kamba wakubwa kama kidole gumba cha Baba, lakini wa baridi, juu ya barafu, bila hata pilipili. Chaza wabichi, wanamminia ndimu kisha wanammeza akiwa hai, na wanafumba macho kwa raha. Samaki wa kuchoma alikuwa mzuri, ingawa nilimhurumia kufa bila ukwaju. Nilimuuliza mhudumu kama kuku ni halali. Akaenda jikoni, akarudi akaniambia kweli kwamba si halali, nami nikamshukuru kuliko angenidanganya. Nikala samaki na viazi. Meza za jirani zina mvinyo. Likikukera hilo, Baba, nje kuna viti na upepo. Jambo lililoniudhi ni moja: viti vya dirishani vimewekewa waliolipia zaidi, nasi wengine tukawa tunaiona bandari kwa kupitia vichogo vya watu. Nilikula haraka nikatoka nje.

Basi uamuzi wangu ni huu. Safari ya basi hatutailipia. Maelezo yote ni ya Kiingereza, nitakuwa natafsiri mpaka nikauke koo, na nimeshayakariri. Nitawatembeza mwenyewe, tukianzia kwenye kile kiti cha jiwe. Kuvuka maji tu nako hakuhitaji meli ya wageni, feri ya kawaida inapita njia ile ile kwa kadi ninayopandia treni. Ila ile meli nitailipia, siku moja, meza ya dirishani, watu watatu. Mama atasema ni israfu. Lakini Baba miaka ishirini na saba umekuwa majini kila siku na sikumbuki hata siku moja uliyokaa. Nataka ukae. Uletewe samaki, usiangalie mkondo, mtoto wa watu ashike usukani. Ukitaka kumkosoa, mkosoe kwa Kiswahili, nitatafsiri yale mazuri.

La mwisho. Pale kwenye nyumba ya muziki panaitwa Bennelong Point, kwa jina la mwenyeji wa nchi hii, Bennelong, ambaye gavana alimjengea kibanda cha matofali hapo mwaka 1790. Akachukuliwa hadi Uingereza, akakaa miaka kule kwenye baridi, akarudi kwao mwaka 1795. Mwaka uliofuata akaandikisha barua kwenda kwa mtu mmoja aliyemfahamu kule, na maneno yake yapo mpaka leo. Anamsalimia mke wa yule mtu, anamshukuru kwa kumuuguza, kisha anaomba: soksi, viatu jozi mbili, na leso za mfukoni. Nilicheka peke yangu, maana nami nilikuwa nimekwisha kuwaandikia orodha.

Nayo ni hii. Leso jozi mbili, na leso zangu ni leso za kujifunga, si hizo za mfukoni. Nyanya achague jina, ila lisiwe la kumsema mtu. Ndala za ngozi, saizi yangu Mama anaijua. Achari na mbegu za aina yoyote msilete, wala mbao, wala nyama kavu. Uwanja wa ndege hapa wanapekua kama wamepoteza pete, na faini yao si pauni tano. Mahamri nitapika mwenyewe. Iliki nimeipata kwa Waafghani wa hapa mtaani.

Huku ni saa nne za usiku, kwenu saa tisa alasiri, Baba yuko kibarazani. Zamu yangu inaanza alfajiri. Nipeni habari ya pasipoti ya Mama, wamesemaje?

Mwenu,
Mwanaisha