Salamu za Pasaka: jina la Emau

Ndugu wapendwa, Kristo amefufuka, aleluya! Tunawasalimu nyote katika Oktava hii ya Pasaka, tukiwatakia furaha na amani ninyi na jamaa zenu, pamoja na wagonjwa na wafiwa ambao sikukuu imewakuta katika majonzi.

Jumatano ya juma hili Kanisa husoma habari ya wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau (Luka 24:13–35), nasi tumeona vema kuzungumza nanyi juu ya jina hilo. Luka aliliandika kwa Kigiriki, Emmaous, ingawa asili yake si Kigiriki. Wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kiebrania hammat, yaani chemchemi ya maji ya moto. Na kwa kuwa alfabeti ya Kigiriki haikuwa na herufi ya ile sauti ya kooni inayolianza neno hilo, sauti ilidondoka na jina likabaki na irabu mwanzoni. Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne hiyo hiyo ya 1, anaeleza kwamba jina linalofanana na hilo, la kijiji kilichokuwa karibu na Tiberia, lilimaanisha maji ya moto.

Majina ya namna hiyo yalikuwa zaidi ya moja, na ndiyo sababu kuitafuta Emau ya Luka kumekuwa kazi ngumu. Nakala nyingi za kale zinasema kijiji kilikuwa stadia 60 kutoka Yerusalemu, takriban kilomita 11, umbali ambao Biblia ya Union inauita “kama mwendo wa saa mbili.” Nakala chache, ikiwemo Codex Sinaiticus, zinasema 160, takriban kilomita 30, na hesabu hiyo inafika kwenye mji wa Emau unaotajwa katika vita vya Yuda Makabayo, ambao baadaye uliitwa Nikopoli. Eusebio wa Kaisaria, katika karne ya 4, aliamini kuwa ndio wenyewe. Wakati wa Vita vya Msalaba mahujaji walionyeshwa Abu Ghosh, na baadaye al-Qubeiba. Sisi tunaielekea zaidi ile 60, kwa kuwa Luka anasema wale wawili, waliokwisha kutembea mchana, waliondoka saa ile ile wakarudi Yerusalemu na kuwakuta wale Kumi na Mmoja, na kilomita 30 nyingine usiku huo huo zingekuwa mzigo mzito mno.

Inavutia kuliunganisha joto lililomo katika jina na kauli ya wanafunzi hao, “Je! Mioyo yetu haikuwaka ndani yetu?” Hata hivyo, Luka mwenyewe hafanyi hivyo. Yohana humweleza msomaji kwamba Siloamu maana yake ni Aliyetumwa (Yohana 9:7), lakini Luka analiacha jina la Emau bila tafsiri, na mioyo anayoisimulia iliwaka njiani, Bwana alipokuwa akiwafunulia Maandiko, wala haikungoja kufika kijijini. Hapo mezani, katika kuumega mkate, ndipo macho yao yalipofumbuliwa wakamtambua.

Basi tunawaombea nyote mnaosafiri siku hizi, mkirudi makazini na mashuleni baada ya kula sikukuu na wazee nyumbani, mfike salama. Heri ya Pasaka.