Msitumie mshahara wa mwalimu kumpunguzia daktari

Kwa Mhariri,

Kila mjadala wa pesa za madaktari wanagenzi hapa Kenya, wale wamemaliza chuo na wako kwa mwaka wa mazoezi hospitalini, ukianza lazima mtu atoe mfano wa mwalimu wa JSS, yaani sekondari ya chini. Eti kama mwalimu alianza na elfu 20 kwa mwezi, huyu kijana ambaye hata leseni kamili hana ni nani alipwe shilingi 206,400 kwa mwezi? Sasa huyo mwalimu ni mimi. Nilikuwa kwa lile kundi la walimu wanagenzi la 2023, ile elfu 20 ikishakatwa unabaki na kama 17 hivi, na ningependa watu waache kunitoa mimi kila wakitaka kumnyima mtu mwingine haki yake.

Kwanza hiyo 206,400 watu wanaiongelea ni kama madaktari waliamka asubuhi wakaiota. Iliandikwa kwa CBA ya Juni 2017, yaani mkataba wa malipo kati ya serikali na chama cha madaktari KMPDU, baada ya ule mgomo wa siku 100 ulioanza Desemba 2016, ule viongozi wa KMPDU hadi walitupwa ndani. Serikali ilikaa mezani ikasoma ikatia sahihi. Halafu 2024 SRC, ile tume ya mishahara, inakuja na hesabu mpya kwamba mwanagenzi anatosheka na elfu 70, yaani theluthi na kidogo, madaktari wakagoma Machi 14 wakarudi Mei 8, na hata wakirudi hii maneno ya wanagenzi ilikuwa bado inaning'inia, mpaka mwisho wa Desemba na tisho la mgomo mwingine ndio ikakubaliwa walipwe kile kilichokuwa kimeandikwa. Miaka saba hiyo, na hawakuwa wanaomba nyongeza.

Haya tulinganishe basi, manake ndiyo inapendwa. Lakini tukilinganisha tuweke na masaa. Nina binamu amefanya huo mwaka wake kwa hospitali moja ya rufaa, sitaitaja, na kile nimeona ni kwamba huyu mtu wanamwita mwanafunzi ndiye yuko macho saa nane usiku. Konsaltanti, yaani daktari bingwa, yuko kwa simu. Anayeitwa wodini mama akianza kuvuja damu ni mwanagenzi, anayeandika dawa ni yeye, anayesukuma kitanda kwenda thieta wakati mhudumu hayupo ni yeye pia, na asubuhi raundi inamngoja hajalala. Amesoma miaka sita kabla ya hapo na huo mwaka si hiari, bila kuzungushwa upasuaji, watoto, wodi ya wazazi na magonjwa ya ndani hapewi leseni, kwa hivyo hata akidharauliwa hawezi kusema basi naenda zangu.

Tuseme anafanya saa 60 kwa wiki, na hapo nimewahurumia wanaopanga zamu. Kwa elfu 70 inakuja kama shilingi 270 kwa saa kabla ya makato. Huku kwetu fundi wa mabomba hawezi kuja kuangalia sinki kwa hiyo bei, na simlaumu, anajua kazi yake inalipwa vipi na asiporidhika anafunga begi lake anaenda. Kwa 206,400 ni kama 800 kwa saa. Hiyo ndiyo ile pesa nyingi tunaambiwa itaangusha nchi. Na toa SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, toa tozo ya nyumba asilimia 1.5, toa NSSF ya uzeeni, halafu kodi ya PAYE ije ichukue yake, mfukoni inafika laki moja na arobaini hivi, hapo bado HELB na deni lao la mkopo wa chuo haijabisha mlango na wadogo zake hawajapiga simu za fees.

Uingereza nako 2023 chama cha madaktari kilisema daktari wa mwaka wa kwanza anapata pauni 14.09 kwa saa, karibu sawa na mtu wa kuuza kahawa dukani, watu wakashtuka. Sisi hatushtuki. Sisi tunamwambia daktari amshukuru Mungu hajakuwa mwalimu.

Mbona hatulinganishi na juu? Mbunge anazidi laki saba kwa mwezi, na yule wa muhula wa kwanza naye anaingia hajui hata kanuni za Bunge, bado anaelekezwa, lakini sijasikia SRC ikisema apewe theluthi kwanza mpaka azoee kazi. Kulinganisha kwetu kunaenda chini tu, na kila mara ni mwalimu anawekwa pale mwisho.

Na sisi walimu tunajua hii njia vizuri manake walitufanyia kwanza. Tulikuwa 46,000, unafundisha masomo ambayo hata hukusomea, unasahihisha, unasimamia michezo, kila kitu kama mwenzako wa kudumu, lakini kwa malipo unaambiwa wewe bado unajifunza. Aprili 2024 mahakama ikasema TSC, ile tume inayoajiri walimu, haina mamlaka ya kuajiri walimu wanagenzi. Sawa, sisi tukaingizwa kwa ajira ya kudumu Januari 2025, na mwezi huo huo wakachukua wengine 20,000 kwa mpango ule ule! Ikishawezekana darasani ndio inajaribiwa wodini, na wakigoma wanaambiwa hakuna pesa, nchi ijipime na uwezo wake.

Nakubali kuna upande mwingine. Maafisa wa kliniki na wauguzi nao wana wanagenzi wao, wanapata pesa chache kuliko daktari na wako wodi hiyo hiyo usiku huo huo, na maafisa wa kliniki waligoma 2024 pia. Ukimpa daktari wengine watauliza, na kaunti zingine kweli mishahara imezimeza. Lakini hiyo ni sababu ya kukaa chini na hao wengine pia. Kumshusha daktari hadi elfu 70 hakukuwa kunaongezea muuguzi hata senti moja, na mimi elfu 20 yangu ingebaki elfu 20.

Kitu ningetaka, na nadhani si walimu na madaktari tu wangetaka, ni SRC ituwekee wazi ile elfu 70 waliipata kwa hesabu gani. Walihesabu masaa mangapi kwa wiki? Nyumba wapi, manake kuna waliopelekwa Nairobi na kuna waliopelekwa Lodwar? Na zile usiku za kol, za kukaa ukingoja kuitwa wodini, zilikuwa ndani ya hiyo elfu 70 ama zilikuwa za bure?

Mwalimu wa JSS,
Kaunti ya Bungoma