Mwanangu, jiko lisiingie hemani

Mwanangu,

Voisi yako ya hiyo safari ya kambi na wenzako nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa nafunga geti nikasikia juu juu, ya pili nikakaa chini, ya tatu nikampa mama yako naye asikilize, akacheka pale pale ulipocheka wewe. Mimi sikucheka. Kuna sehemu unasema "baridi sio ishu baba, usiku tunaingiza jiko ndani, likishashika vizuri moshi ukaisha hamna shida." Hapo ndo nilipobaki. Mengine yote, sijui mnaondoka saa ngapi, nani ana gari, nani anakuja na spika, sijayashika, itabidi uniambie tena.

Jiko lisiingie hemani. Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu kwenye simu utasema "sawa baba" kabla sijafika nusu ya neno, nakujua.

Wewe unadhani shida ni moshi. Moshi ndo una nafuu, unakuchoma macho, unakohoa, unatoka nje mwenyewe bila kuambiwa. Kinachoua ni kile kinachobaki moshi ukishaisha. Inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na mkaa ukiwa mwekundu vile unavyopendeza, bila moshi hata kidogo, bado unaitoa. Ukifunikwa na majivu ukadhani umezimika, bado unaitoa, tena kwa masaa. Ikiingia kwenye damu inakaa pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae, na inang'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Yaani mtu anapumua vizuri tu, kifua kinapanda kinashuka, ila mwili haupati kitu. Kichwa kinaanza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, anasema ah ni uchovu wa safari ngoja nilale. Na akishalala ndo basi, hakuna cha kumwamsha, haina harufu nimekwambia.

Na usije ukaniambia la gesi ni tofauti. La gesi nalo ni hivyo hivyo, lisiingie. Wala lisiwekwe kwenye kile kibaraza cha hema eti tunalikinga na mvua, kile kibaraza na ndani ni kitu kimoja, hewa haijui mpaka.

Sasa nisionekane kama nakukataza kwenda. Sikukatazi. Mwaka huu tumetoka mara 9, ninazo kwenye lile daftari langu mnalolicheka, usiku 14 kwa jumla ukihesabu na ule wa kwanza wa nyuma ya nyumba ambao siusimulii hapa kwa sababu kila mgeni akija unamsimulia. Mwanzo wa mwaka ulikuwa hujui upande wa juu wa hema na wa chini. Safari ya mwisho nimekuangalia nikiwa nimekaa kwenye ndoo, umelisimamisha na mdogo wako bila kuniita, umepima mteremko kwa kulala chini mwenyewe kwanza, vichwa vikae upande wa juu, ukaangalia matawi yaliyokauka juu ya mti ukahamisha hema hatua kama kumi. Hilo la matawi sikukufundisha mimi. Sikusema kitu siku ile kwa sababu nilikuwa bado nimenuna kuhusu tochi, lakini niliona.

Ila vitu vidogo vidogo ndo vinakushinda. Zipu. Mwaka mzima nasema zipu, zipu, mbu wanaingia, mvua inaingia, na wewe unaingia kulala unaacha imefungwa robo tatu kama mtu aliyeitwa ghafla. Vigingi navyo, tulianza na 16, juzi nimehesabu 12 na kimoja kimepinda. Hema la safari ya mwisho ulilikunja likiwa bichi ukalitupia stoo, nimelifungua jana ili ulikute tayari, pembeni kule ukungu mweusi umeingia mpaka kwenye mshono, nimelisugua kwa maji na sabuni ya kawaida nikalianika kutwa nzima. Hema likunjwe kavu. Kama mnaondoka na mvua, likunjeni hivyo hivyo lakini siku mnayofika nyumbani, siku ile ile, linaanikwa, sio kesho.

Nirudi kwenye jiko. Mwenzako nimemsikia kwenye voisi anasema analo lake dogo, kwa hiyo najua hata nikilizuia la kwetu la kwake litakuwepo. Ndo maana narudia kwako na sio kwake. Mkaa wa kupikia ni wa nje, mkimaliza kula unamwagiwa maji, unakorogwa, unamwagiwa tena, ukiushika pembeni kwa kiganja usiwe na joto. Usiseme "utazima wenyewe".

Ule usiku wa mvua, safari ya tatu, najua unaukumbuka, siurudii wote. Unachokumbuka ni kwamba nilikusema asubuhi yake mpaka ukaenda kukaa kwenye gari. Kisa zipu. Nilikuwa wa kwanza kuamka, kichwa kinagonga, mdogo wako ametapika kwenye kona ya godoro, mama yako namwita haitiki haraka, na zipu ya mlangoni iko wazi kama viganja viwili, mvua imeingia imejaza viatu. Nikaanza na viatu. Sijui kwa nini mtu anaanza na viatu. Baadaye wote tukasema ni chakula, na mama yako mpaka leo chakula kile hakibebi safarini, mnakiulizia anasema kile kina kesi.

Jiko lilikuwa miguuni kwangu. Nyie mlikuwa mmeshalala nilipoliingiza. Nililitoa nje kabla mama yako hajakaa sawa, nikaenda kulimwaga nyuma ya ule mti mkubwa, na chini ya majivu bado kulikuwa na mkaa mwekundu ukubwa wa yai. Hesabu umalizie mwenyewe, hesabu unazijua kuliko mimi. Viatu vilikauka mchana ule ule.

Lakini tafadhali sana usiichukue vibaya ukasema kumbe dawa ni kuacha zipu wazi. Hapana. Zipu wazi haitoshi, upepo ulikuwa unapiga upande wa mlango usiku ule, ungepiga upande wa nyuma nisingekuwa naandika. Hakuna kuacha uwazi, hakuna "dakika tano tu tupashe hema halafu tunatoa". Watu huwa wanalala ndani ya hizo dakika tano. Na ikitokea mtu ndani ya hema analalamika kichwa, wa pili naye kichwa, hiyo sio homa ya watu wawili kwa wakati mmoja, tokeni wote nje kwenye hewa, mhesabiane, mtafute msaada hata kama mtu anasema ameshapata nafuu. Maji ya kunywa na kidonge cha kichwa sio dawa ya hiyo kitu.

Baridi ina dawa zake, ni kazi kidogo tu. Baridi nyingi haitoki juu inatoka chini, ardhi inanyonya joto la mwili usiku kucha, kwa hiyo kama una blanketi mbili, moja tandika. Nguo uliyoshinda nayo usilale nayo, ina jasho hata kama unaiona kavu, badili mpaka soksi, soksi za kulalia zikae peke yake kwenye mfuko zisiguswe mchana. Kofia. Kula kitu kabla ya kulala, tumbo tupu halitoi joto. Na ile ya chupa uliyokuwa unamcheka mama yako nayo, chemsha maji, tia kwenye chupa inayostahimili moto, funga mfuniko, igeuze kichwa chini uone haivuji, ivalishe soksi, iweke kwenye begi la kulalia robo saa kabla hujaingia. Uso uache nje ya begi, ukipumulia ndani asubuhi begi lote limelowa na unatetemeka zaidi. Kukojoa nenda kabla, usijibane usiku kwa uvivu.

Mengine unayajua. Hema lisikae kwenye korongo kavu hata kama mchanga wake ni mlaini na mbingu ni safi, mvua inaweza kunyesha mbali huko na maji yakawakuta mmelala. Radi, hesabu kuanzia mwanga mpaka ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja, hesabu ikifika chini ya sekunde 30 mnaingia kwenye gari mnafunga vioo, sio kwenye hema, hema halikingi radi. Mnakaa mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Maji ya mtoni yachemke kwa bubujiko dakika moja nzima, kwenye milima mirefu tatu. Haya hayaninyimi usingizi. Kinachoninyima ni lile moja.

Nyumbani wazima. Bomba la jikoni limeanza tena kudondosha, nimelifunga kwa kitambaa, mama yako anasema kitambaa sio fundi. Mdogo wako ameshahamia kitandani kwako na bado hujaondoka vizuri, usiku amelala na ile tochi yako ya kichwani imewaka mpaka betri ikaisha, nimeichaji, iko kwenye boksi. Amekasirika haendi. Nimemwambia mwakani, akaniuliza mwakani utakuwepo au utakuwa unaenda na hao hao, sikuwa na jibu nikamwambia akaoge. Ongea naye kabla hujatoka, wewe anakusikiliza.

Mwakani sijui itakuwaje kwa kweli. Nilinunua daftari jipya. Lile la zamani limebaki kurasa sita lakini nikaona mwaka mpya uanze na lake. Sasa naliangalia naona mnaweza mkawa mnatoka wenyewe na mimi naandika tu "wameondoka saa fulani, wamerudi saa fulani". Si vibaya. Gari litakuwa na nafasi ya godoro lile nene mama yako analolitaka siku zote tunaliacha.

Kwenye boksi lako nimegusa vitu, usishangae. Lile jiko dogo nimelitoa, liko juu ya kabati na usilitafute. Mtapikia moto wa nje kama wenyeji wa pale wanaruhusu kuwasha, uliza kwanza, na kama hawaruhusu beba vitu visivyohitaji kupikwa. Pale lilipokuwa nimeweka lile blanketi zito la kahawia, soksi jozi mbili, na chupa ya mama yako, ambayo amesema akiiona imerudi na pancha hutakaa kwa amani. Sufuria la kati irudi na mfuniko wake, mfuniko wa safari ya tano mpaka leo tunafunikia sahani.

Mama yako hajui hayo ya usiku wa mvua. Nitamwambia mwenyewe, usinitangulie. Labda wikiendi hii mkiwa hampo, nyumba itakuwa kimya.

Mkifika nitumie picha ya hema likiwa limesimama. Na nyingine ya jiko la mwenzako likiwa nje, mbali, limemwagiwa maji. Sio utani. Hata iwe saa sita usiku, simu itakuwa karibu.

Baba