Mwanangu, Usimwandikie Tena

Mwanangu mpendwa,

Baada ya salamu, hapa Tanga sote tu wazima na baba yako anakusalimu. Nakuandikia kwa sababu shangazi yake yule binti uliyekuwa umemchumbia amenipigia simu na kunieleza, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba ujumbe wako usipokoma watakwenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Uliponijibu ulisema hujamtukana wala kumtisha, na kwamba unaomba tu nafasi ya kujieleza. Kwamba hukutukana, nakuamini. Ila Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 23, haikuishia kwenye matusi: inakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo, na anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au hufungwa kwa muda usiopungua miaka 3, au adhabu zote mbili. Idadi ya ujumbe haikutajwa humo, kwa hiyo usinihesabie umeandika mara ngapi.

Unajitetea kwamba nia yako ni njema, lakini hakimu hana njia ya kuingia moyoni mwako. Ataipima nia hiyo kwa uliyoyatenda. Ujumbe wa kwanza wa kuomba radhi, uchumba ulipovunjika, hakuna ambaye angeushangaa. Baadaye binti akakuandikia waziwazi kwamba hataki mawasiliano, nawe ukaendelea. Akaizuia namba yako, ukanunua laini nyingine. Hiyo nayo ilipozuiwa, ukaanza kumrushia shilingi elfu moja moja ili jina lako limtokee kwenye simu (sijui nani kakufundisha hilo), kisha ukamgeukia dada yake usiku wa manane. Kila hatua ya hizo inathibitisha kwamba ulikwisha kujua amekataa, na maneno yawe matamu kiasi gani, hayawezi kulifuta hilo. Kumwambia mtu kwamba asipokupokea utajidhuru si maneno ya mapenzi hata kidogo, ni kumlazimisha. Kama kweli mawazo hayo yanakujia, nipigie mimi, saa yoyote.

Laini mpya pia haikufichi, kwa kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole vyako. Hata ukifuta kila kitu kwenye simu yako, nakala anazo yeye, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo hairuhusu ushahidi ukataliwe mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Kuhusu zawadi ulizotoa, hapo una hoja. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa ajili ya ndoa ambayo haikufungwa, mahakama ikiridhika kwamba zilitolewa kwa sharti la ndoa hiyo. Lakini dai hilo lina njia yake, nayo haipiti kwenye simu ya binti. Niandikie orodha ya vitu hivyo, baba yako mdogo ataipeleka kwa mshenga, na wazee wakishindwa kuelewana tutatafuta wakili. Wala usimtumie ujumbe wa kumwarifu kwamba hutamwandikia tena.

Mama yako