Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kilwa ya Nyumba za Udongo

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana, assalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Hesabu atazisoma Mhazini, na mahudhurio yako kwa Katibu, kwa hiyo sitayagusa. Mimi nitaeleza kazi tuliyoifanya mwaka huu, kisha nitaomba jambo moja ambalo mtalipigia kura.

Mtakumbuka kuwa mkutano mkuu uliopita ulituagiza tuwaweke kando masultani kwa mwaka mmoja, tutafute watu wa kawaida wa Kilwa ya zama za kati waliishi vipi. Wapo waliosema hatutaambulia kitu. Hoja yao ilikuwa na nguvu: kilichobaki ni magofu, magofu ni ya mawe, na mawe yalikuwa ya wenye nacho. Hata kuingia kwetu kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, sisi Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara, kulitokana na mawe hayo.

Tulianza kwa kumsoma upya Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyefika hapa mwaka 1331. Wote tunaotembeza wageni huwaambia kwamba aliusifu mji wetu kuwa miongoni mwa miji mizuri sana aliyoiona. Ni kweli aliusifu. Ila tukifika hapo huwa tunasita, hatuendelei na maneno yanayofuata: kwamba majengo yake ni ya miti na mapaa yake ni ya matete. Siku tuliposoma hayo kwa sauti, kikao kilinyamaza. Mtu aliyekwisha kuiona Cairo, Damascus na Makka alipendezwa na mji ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa wa miti na majani. Husuni Kubwa, yenye vyumba zaidi ya mia moja na bwawa la kuogea la pembe nane, ni ya zama hizo hizo. Lakini lilikuwa kasri moja juu ya jabali, mbali na mji ambamo watu walilala, walipika na kuzaa.

Kwa hiyo tulipovuka kwenda Songo Mnara, hatukusimama sana kwenye kuta. Tulisimama kwenye uwanda uliopo kati ya kuta. Waakiolojia waliofanya kazi pale kuanzia mwaka 2009 waliupima uwanda huo na kuuchimba, wakakuta alama za nyumba za miti na udongo katikati ya zile za mawe. Tajiri na asiyenacho hawakutenganishwa na mto wala mlima. Walisikia adhana moja na moshi wa jiko la huyu uliingia kwa yule.

Mwanachama wetu ambaye ni fundi ujenzi alitueleza jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria kwa miaka yote hii. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ingawa kwa urefu vinaenda mbali. Sababu ni boriti. Dari nzito ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hapo. Mfanyabiashara aliyepitisha mikononi mwake dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, alikuwa na fedha ya kununua kaure ya China, lakini upana wa chumba chake uliamuliwa na mti ule ule aliokata jirani yake kujengea kibanda. Na chokaa hiyo ilikuwa na watu wake: wa kubeba matumbawe, wa kukata kuni, wa kukesha kwenye tanuri. Hao hatuwataji kabisa tunapouonyesha Msikiti Mkuu, na naona ni kosa letu.

Suala la chakula ndilo lililotuchukulia muda mrefu, na nawashukuru sana mama zetu walioliongoza. Walituambia tuanze kwa kuondoa. Toeni mahindi, muhogo, nyanya na pilipili kali. Asili ya vyote hivyo ni Amerika, na vilifika kwetu baada ya Wareno. Kinachobaki ni mtama, uwele, mpunga, kunde, ndizi, nazi na vya baharini. Kule Pemba, waakiolojia waliochimba mji wa kale wa Chwaka waliona kutoka kwenye mbegu zilizoungua kwamba uwele ulipungua kadiri karne zilivyokwenda, mpunga ukachukua nafasi. Wali wa shughuli tunaoujua leo una historia ndefu ya heshima nyuma yake. Ibn Battuta alipokelewa Mogadishu kwa wali wa samli na mchuzi wa nyama, kuku, samaki na mboga, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Hicho kilikuwa chakula cha mgeni wa mkubwa. Alipopita Mombasa aliandika kwamba watu wanakula zaidi ndizi na samaki, na nafaka wanaletewa. Ule uwele kwa tui na samaki mkavu uliopikwa kwenye kikao chetu, wengi tuliuonja kwa mara ya kwanza, na mzee mmoja aliomba kuongezewa mara mbili.

Vyombo navyo vina lao la kusema. Vigae vya kutoka nje ni sehemu ndogo tu ya vigae vinavyochimbwa. Vilivyo vingi ni vya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa, na hata kwenye nyumba ya mawe wali uliiva kwenye chungu cha udongo kabla ya kupakuliwa kwenye bakuli la kigeni. Viduara vidogo vya vigae vilivyotobolewa katikati, ambavyo huwa tunavikanyaga, vilikuwa vya kusokotea uzi wa pamba. Kila kimoja ni jioni nyingi za mtu aliyeketi akisokota.

Sasa niseme lililo gumu. Ibn Battuta anasimulia Ijumaa moja fakiri wa Yemen alimwomba Sultani al-Hasan bin Sulaiman nguo alizovaa. Sultani akaingia, akabadilisha, akampa. Mwana wa Sultani akazichukua nguo zile na kumpa fakiri watumwa kumi badala yake. Baadaye Sultani akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Tumekuwa tukiisimulia kama hadithi ya ukarimu. Mimi mwenyewe nimeisimulia hivyo mara nyingi, na sitaisimulia tena hivyo. Ni watu ishirini, na hakuna aliyeandika jina la hata mmoja. Waliokuja na Almeida, kiongozi wa meli za Wareno, mwaka 1505 waliandika kuwa watumwa walikuwa wengi na ndio waliolima mashamba. Mji huu ulikula kwa mikono yao.

Kuhusu mengine nitakuwa mfupi. Safari ya Gedi, mji wa magofu huko Kenya, haikufanyika kwa sababu nauli ilizidi uwezo wetu. Tulitaka kuona eneo lililo kati ya kuta zake mbili, ambako nyumba za udongo zilisimama. Maonyesho ya shule yaliahirishwa kwa mvua, na vifaa viko salama kwa Katibu. Safari moja ya Songo Mnara tuliisogeza mbele kwa ajili ya upepo wa kusi.

Ombi langu ni hili. Kamati inapendekeza kwamba kuanzia msimu ujao, kila mwanachama anayetembeza wageni asimame pia mahali pasipo na ukuta, aeleze ni nani aliyeishi hapo, alikula nini na alifanya kazi gani. Na kwamba kisa cha fakiri kisimuliwe pamoja na wale watu ishirini. Pia mama zetu na wavuvi wetu waandikiwe majina ya vyombo, mitego na vyakula wanavyovijua, kazi ambayo vijana wawili wameshajitolea kuifanya.

Azimio liko ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu. Katibu atalisoma mara mbili, wenye maswali watauliza, kisha tutanyoosha mikono.