Barua ya malalamiko: Bomba ni la mwenye nyumba, bima ni yangu

Meneja,
Idara ya Madai,
Kampuni ya Bima,
Dar es Salaam.

YAH: KUPINGA KUKATALIWA KWA DAI LANGU LA FIDIA YA VITU VYA NDANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepokea barua yenu inayosema kwamba dai langu halitashughulikiwa kwa sababu maji yaliyoharibu vitu vyangu yametoka kwenye bomba la mwenye nyumba, hivyo niende nikamdai yeye. Nilimfuata. Akanijibu, "Si una bima? Waambie wakulipe." Naona napigwa danadana, na vitu vyangu viko vilevile, vimelowa.

Nianze na lile ambalo hatubishani. Mtathmini wenu alipanda juu ya dari, akamulika kwa simu, akakuta kiungo cha bomba linaloshuka kutoka kwenye simtanki kimezungushiwa mpira wa tubu ya baiskeli. Mpira umeoza na kukatika. Aliupiga picha mbele yangu. Aliyeufunga ni fundi wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alishaambiwa zamani kwamba hilo bomba linahitaji kubadilishwa. Uzembe upo, na ni wake. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinamtaka anayepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu na mifumo inayotumiwa kwa pamoja. Mtathmini aliandika ukweli, wala sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na mlichokifanya baada ya kusoma ripoti yake. Uzembe wa mwenye nyumba unafutaje mkataba wangu na ninyi? Mimi sikukatia bima jengo. Jengo si langu, na kulikatia au kutolikatia ni shauri lake. Nilikatia vitu vyangu vilivyomo ndani: televisheni, friji, kompyuta, magodoro, nguo. Hati yenu ya bima inataja majanga yanayolipiwa, na mojawapo ni kupasuka au kufurika kwa matanki na mabomba ya maji. Haisemi bomba liwe la nani, wala haisemi lipasuke kwa uzembe wa nani. Kwa hoja yenu, mwenye gari la bima kubwa akigongwa na daladala aambiwe akamkimbize dereva. Hamfanyi hivyo kwa magari. Mnamlipa mteja, kisha mnachukua nafasi yake na kumdai aliyesababisha hasara. Haki hiyo imo kwenye hati yangu pia, tena kwa maneno yenu wenyewe.

Na hapa kuna jambo ambalo pengine hamlijui. Wakala wa mwenye nyumba aliniletea karatasi: nisamehewe kodi ya mwezi mmoja, nami nisaini kwamba tumemalizana na sitamdai tena. Nilikataa. Hati yenu inanikataza kupatana na mkosaji bila idhini yenu, kwa sababu nikishamsamehe mimi, ninyi mtamdai kwa lipi? Basi nimeacha kodi ya mwezi mzima ili kulinda haki yenu ya kumdai mtu ambaye hamtaki hata kumwandikia barua. Sijui mngefanya nini mahali pangu. Mimi nilidhani ndiyo masharti.

Sababu yenu ya pili imetajwa kwa mstari mmoja tu, kwamba huo ni "uvujaji wa muda mrefu", ambao haulipiwi. Kwenye dari ya sebule kulikuwa na doa la zamani, ni kweli, ukubwa wa sahani, karibu na taa. Doa lile halikuharibu hata kijiko. Kilicholeta hasara ni maji yaliyomwagika usiku mmoja kiungo kilipoachia, yakadondosha jipsamu juu ya friji na kujaa kwenye droo ya chini ya kabati, ambayo mtathmini hakuifungua ingawa nilimwomba. Kilichojipenyeza pole pole na kilichopasuka ghafla ni vitu viwili, na hati yenu yenyewe imevitenga.

Lipo pia suala la jirani wa chini, ambalo hamkuligusa kabisa. Maji yalipenya hadi kwake na ameniandikia kunidai mimi. Sikufunga mimi ule mpira, na naamini hana la kunidai, lakini bima yangu ina sehemu ya dhima kwa watu wengine. Barua yake niliwapelekea siku niliyoipokea. Ilikuwa juu yenu kumjibu, kwa kukubali au kwa kukanusha. Kila tukikutana ngazini ananiuliza, nami sina la kumwambia.

Nimepigiwa simu na ofisa wenu akinieleza kwamba nikisaini hati ya malipo ya mwisho nitapewa Sh 900,000. Hicho ni kifuta jasho, na sitasaini. Nadai Sh 6,840,000 kwa mujibu wa orodha na risiti nilizowasilisha, mkitoa kile kiasi cha mwanzo ambacho hati inanitaka nikibebe mwenyewe. Mkishikilia kukataa, niandikieni namba ya kipengele mnachokitegemea, maana barua yenu haikutaja hata kimoja. Na jirani ajibiwe.

Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka lalamiko hili TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ilimweka kwa ajili ya mivutano ya namna hii. Friji na televisheni bado nimeviweka barazani kama mlivyoagiza, visubiri ukaguzi wa pili. Tafadhali nipeni tarehe ya ukaguzi huo, kwani mwenye nyumba ameanza kudai nafasi yake.

Wenu,
Mpangaji, ghorofa ya tatu

Nakala: Wakala wa bima aliyenikatia
Mwenye nyumba